Kijivu cha Nani? Istilahi za Picha ya Sura na Mfano wa Seydou Keïta

Miongoni mwa maneno yanayotufikia sisi tunaoshughulika na istilahi, yale yanayoonekana mepesi ndiyo aghalabu hutuchelewesha. Neno la uhandisi au la tiba huja na fasili yake, na anayelileta anajua tangu mwanzo kwamba ni gumu. Lakini neno linalotumiwa na kila mtu nyumbani kwake hupita mlangoni bila kuulizwa. Huingia katika kitabu cha shule, likazoeleka, kabla ya mtu yeyote kutazama kama linasema kweli. Neno la namna hiyo ni "picha nyeusi na nyeupe".

Tumelazimika kulitazama neno hili kwa sababu baadhi ya walimu wa sanaa wametuomba istilahi za kufundishia somo moja dogo. Mwanafunzi anatakiwa achunguze kazi ya mpigapicha anayemstahi, kisha apige picha ya sura ya mtu, isiyo na rangi, kwa kufuata mfano wa bwana huyo. Mpigapicha waliyemchagua ni Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Ombi lenyewe lilikuwa la orodha tu. Hata hivyo, tulipoanza kuiandaa tuliona kuwa orodha peke yake haitatosha, kwa kuwa maneno kadhaa ya fani hii yamebeba ndani yake uamuzi ambao haukufanywa na Keïta wala hautafanywa na wanafunzi wetu. Umekwisha kufanywa na watu wengine, mahali pengine, kwa kuangalia nyuso nyingine. Makala haya yana nia ya kuonyesha uamuzi huo umejificha katika maneno gani, na mtafsiri afanye nini anapokutana nayo.

Majina ya kwanza

Fani ya picha ilizaliwa pamoja na tatizo la majina. Uvumbuzi wa Louis Daguerre ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839, na wakati huohuo William Henry Fox Talbot alikuwa akifanya majaribio yake huko Uingereza. Aliyefanya kazi ambayo leo tungeiita ya usanifishaji ni Mwingereza mwingine, John Herschel, mtaalamu wa nyota na hisabati. Mwaka 1839 alilieneza jina la fani, lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, la nuru na la kuandika. Mwaka uliofuata aliyaleta katika fani hiyo majina mawili yaliyokuwa yakitumika tayari katika hisabati, hasi na chanya. Hasi ni ile picha ya kwanza ambamo penye nuru panaonekana peusi na penye giza panaonekana peupe. Chanya ni nakala inayopatikana kutokana nayo, ambamo mambo yamerudi mahali pake. Yafaa tukumbuke kwamba maneno hayo ambayo leo huonekana kama maumbile ya fani yalichaguliwa na mtu mmoja kwa hoja zake.

Katika pwani yetu fani hii iliingia mapema. Kabla ya karne ya 19 kwisha, A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika mji huohuo, na huko Mombasa studio ya N. V. Parekh ilipiga picha za sura za vizazi kadhaa vya wakazi wa mji. Katika studio za namna hiyo, bila kamati yoyote, Waswahili walijipatia msamiati. Majina ya vyombo waliyakopa: picha, kamera, filamu, negativu. Lakini vitenzi hawakuvikopa. Picha "hupigwa", kama ngoma, pasi na chapa zinavyopigwa. Filamu iliyokwisha kupigwa hupelekwa "kusafishwa", kwa maana hutiwa katika maji na dawa hadi sura ionekane. Ikipata mwanga kupita kiasi husemwa kuwa "imeungua". Tena msemo huu wa mwisho una usahihi ambao wataalamu wangeuonea wivu: itazame negativu iliyozidiwa na mwanga, utaiona imekuwa nyeusi kama kitu kilichopitiwa na moto. Na mwisho wa yote, mtu anapokwenda kuchukua picha zake, haulizi kama ni nzuri. Huuliza, "Zimetoka?" Naye rafiki akizitazama humwambia, "Umetoka vizuri."

Tunataja haya si kwa ajili ya kujisifu. Tunayataja kwa sababu yanatuonyesha kanuni: kwa habari ya vyombo watu walipokea jina lililokuja na chombo, lakini kwa habari ya kazi walitaja kile walichokiona kikitendeka. Kanuni hii itatufaa huko mbele.

Seremala wa Bamako

Seydou Keïta alizaliwa Bamako mnamo mwaka 1921, wakati nchi ile ikiitwa Sudani ya Kifaransa. Hakusoma shule. Alijifunza useremala kwa baba yake na ami yake, akawa mtengenezaji wa samani. Mwaka 1935 ami yake huyo alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak ya aina ya Brownie, akampa kijana. Keïta aliendelea na useremala huku akipiga picha za jamaa na majirani. Kusafisha na kutoa nakala alijifunza kwa Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpigapicha, na vifaa alivipata katika duka la Mfaransa Pierre Garnier.

Mwaka 1948 alifungua studio yake mwenyewe katika kiwanja cha familia, mtaa wa Bamako-Coura, karibu na gereza kuu na si mbali na stesheni ya reli inayokwenda Dakar. Mahali hapo palikuwa na faida: wasafiri, makarani, wafanyabiashara na watu wa mjini walipita kila siku. Walikuja na nguo zao nzuri, na waliokosa waliweza kuazima alizokuwa nazo Keïta, suti za Kizungu, tai, kofia, kalamu, saa, redio, hata pikipiki. Ukutani alitundika picha za mfano, ili mteja aoneshe kwa kidole mkao aupendao. Kisha Keïta mwenyewe alimrekebisha: akamgeuza bega, akampandisha kidevu, akaiweka mikono mahali ionekane. Katika lugha ya Kibambara watu wa Bamako walikuwa na msemo wa kumwambia mtu aliyekaa mbele ya kamera au aliyetoka vizuri katika picha: i ka nyè tan, yaani, unapendeza hivyo ulivyo.

Kamera aliyoitumia katika miaka ya studio ilikuwa ya kusimamisha juu ya miguu mitatu, na negativu yake ilikuwa na ukubwa wa sentimita 13 kwa 18. Alipenda mwanga wa mchana, na kwa hiyo picha nyingi alizipiga uani. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa chenye mapambo. Cha kwanza kilikuwa shuka lake la kitanda, lenye matamvua. Kwa kuwa vitambaa hivyo alivibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, baadaye viliweza kumsaidia kukumbuka picha fulani ilipigwa miaka gani. Filamu ilikuwa ghali, naye kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mkao.

Baada ya uhuru wa Mali mwaka 1960, Keïta aliitwa kuwa mpigapicha wa serikali, na studio yake ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977. Maelfu ya negativu zake alizihifadhi mwenyewe. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, katika maonyesho ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20, chini yake ikiwa imeandikwa kwamba mpigaji hajulikani. Mfaransa André Magnin alikwenda Bamako kumtafuta mtu huyo, akampata. Mwaka 1994 Keïta alifanyiwa maonyesho makubwa Paris, na jina lake likaenea duniani. Alifariki dunia mjini Paris mwaka 2001.

Nakala ndogo na nakala kubwa

Hapa ndipo swali la istilahi linapoanza kuuma. Mwanafunzi akiambiwa afuate mfano wa Keïta, atakachokiona kitabuni au ukutani ni picha yenye weusi mzito na weupe unaong'aa, kubwa, kali, safi. Ataamini kwamba hiyo ndiyo kazi ya bwana wa Bamako. Lakini wateja wa Bamako hawakwenda nyumbani na picha ya namna hiyo.

Nakala alizozitoa Keïta katika studio yake zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za ukubwa uleule wa negativu. Negativu ililazwa juu ya karatasi yenye dawa, mwanga ukapitishwa, na sura ikahamia karatasini bila kuongezeka wala kupungua. Nakala hizo zilikuwa na kijivu cha upole, na nyingine zilitiwa rangi kidogo kwa mkono. Mtu aliweza kuishika kiganjani, kuipeleka kwa mama yake kijijini au kuitia katika bahasha. Zile kubwa zenye urefu wa zaidi ya mita moja, ambazo dunia inazijua, zilitolewa katika miaka ya 1990 huko Ulaya, kutokana na negativu zilezile, na mafundi wa wakati huo waliamua kuziachanisha nuru na giza zaidi kuliko zilivyoachana katika nakala ndogo. Keïta mwenyewe alizitia saini, na alieleza furaha yake alipoziona negativu zake zikiwa kubwa na safi kiasi kile. Kwa hiyo hatusemi kwamba alidhulumiwa na karatasi. Tunasema kwamba kati ya mteja aliyeketi uani mwaka 1956 na picha iliyotundikwa Paris mwaka 1994 pana maamuzi mawili ya kijivu, na kwamba lugha isiyo na maneno mawili itayachanganya.

Ndiyo maana tunapendekeza istilahi mbili kwa namna ya kutoa nakala: "nakala ya kulaza", ambayo negativu inalazwa juu ya karatasi na ukubwa haubadiliki, na "nakala ya kukuza", ambayo mwanga unapitishwa kwenye lenzi na sura inakuwa kubwa. Mbali na hizo, tunapendekeza "nakala ya awali" kwa ile iliyotolewa wakati wa kupigwa picha au karibu yake, na "nakala ya baadaye" kwa ile iliyotolewa miaka mingi mbele. Jozi ya kwanza inataja kazi. Jozi ya pili inataja wakati. Visichanganywe, maana nakala ya kulaza yaweza kutolewa leo, na nakala ya kukuza yaweza kuwa ya awali.

Kwa umbali uliopo kati ya nuru na giza katika picha moja, tunapendekeza neno "mwachano". Tumelitoa katika kitenzi kuachana. Picha ambayo uso na pazia vinakaribiana kwa kijivu ina mwachano mdogo. Picha ambayo shati ni jeupe pepe na suruali ni nyeusi tititi ina mwachano mkubwa. Neno "tofauti" lingefahamika pia, lakini limeshikwa na kazi nyingi, na mwanafunzi akiambiwa "ongeza tofauti" atauliza tofauti ya nini.

Kipimo kilichokuja na uso wake

Sasa tuje kwenye neno lililo zito kuliko yote. Vitabu vya mafunzo vya lugha za Ulaya na Marekani vina istilahi ya kutaja wekundu-weupe wa mwili wa binadamu, na mtafsiri asiyesita ataiandika "rangi ya ngozi". Ametafsiri maneno, lakini je, ametafsiri ngozi?

Hebu tuangalie chombo kinachoitwa kipimamwanga. Chombo hiki hakijui kilichowekwa mbele yake. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kinachopimwa ni kijivu cha katikati, yaani kinarudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukikielekeza kwenye kanzu nyeupe, kitakupa kiasi cha mwanga cha kuifanya kanzu iwe ya kijivu. Ukikielekeza kwenye koti jeusi, kitakupa kiasi cha kulifanya koti nalo liwe la kijivu kilekile. Sasa mchukue mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, umpime kwa ujumla. Kipimamwanga kitashughulika na ule weupe mwingi, kitapunguza mwanga, na uso wa mzee utazama gizani, macho na makunyanzi yasionekane. Hapo husikika maneno ya kuudhi kwamba mtu mweusi hatoki vizuri katika picha. Aliyekosea ni aliyepima kanzu badala ya kupima uso.

Wapo waliojaribu kuliweka jambo hili katika utaratibu. Wamarekani wawili, Ansel Adams na Fred Archer, mnamo mwaka 1940 waliigawa safari ya kutoka weusi kamili hadi weupe kamili katika ngazi zenye namba. Kwa hesabu iliyozoeleka ngazi hizo ni 11, kuanzia 0 hadi 10, na ya tano ndiyo kijivu cha katikati. Utaratibu huu ni mzuri, na tunawashauri walimu wautumie. Lakini katika maelezo ya ngazi hizo, Adams aliiweka katika ngazi ya sita ngozi ya wastani ya Mzungu iliyopigwa na jua, na katika ngazi ya tano, pamoja na jiwe la kijivu na mbao zilizochakaa kwa hali ya hewa, akaiweka ngozi nyeusi. Adams alikuwa mwangalifu. Alitaja ni ngozi ya nani. Walioandika vitabu vifupi baada yake mara nyingi waliufupisha uangalifu huo, wakabakiza amri tupu: weka ngozi katika ngazi ya sita.

Mtafsiri akiileta amri hiyo kwa Kiswahili sanifu kabisa, bila kosa moja la sarufi, atakuwa amewafundisha wanafunzi wa Tabora na Lamu kumgeuza kila mtu wampigaye awe na wekundu-weupe wa mtu wa California. Na hata ile ngazi ya tano haitoshi. Ngozi nyeusi si moja. Katika darasa moja la wanafunzi arobaini mwalimu ataona weusi wa maji ya kunde, weusi wa kahawa, weusi wa mkaa. Na uso mmoja, ukigeuzwa kidogo dirishani, utapita ngazi tatu kati ya paji la uso na shingo. Lugha yetu imekwisha kuzigawa ngozi hizi kwa majina ya vitu. Fani ya picha ikija na jina moja tu kwa zote, itakuwa imetufukarisha.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi "rangi ya ngozi" isitumike kabisa katika mafundisho ya picha zisizo na rangi. Badala yake tuseme "kijivu cha uso", na sharti la matumizi yake liwe kwamba neno hilo hufuatwa na mwenyewe: kijivu cha uso wa bibi huyu, kijivu cha uso wa kijana yule. Istilahi ikidai kutajiwa mwenyewe, mpigapicha hatakuwa na budi kumtazama kabla ya kupima. Kadhalika, tunashauri kuepuka maneno kama "kiasi sahihi cha mwanga" pasipo kusema sahihi kwa kitu gani. Kiasi kilicho sahihi kwa kanzu chaweza kuwa kibaya kwa uso.

Istilahi zikiwa kazini

Kwa faida ya walimu, tueleze sasa namna somo lenyewe linavyoweza kuendeshwa kwa maneno haya.

Mtu anayepigwa picha tunamwita "mwenye sura". Neno mteja linafaa panapolipwa fedha tu, na neno mwanamitindo lina kazi nyingine. Picha yenyewe tunaiita "picha ya sura". Tumeliacha neno taswira kwa wahakiki wa fasihi, ambao wamekwisha kulipa kazi maalumu. Isidhaniwe kuwa picha ya sura ni lazima iwe ya uso peke yake: sura ni namna mtu anavyoonekana, na Keïta alipiga watu waliosimama wima, walioketi, hata mwanamke aliyelala ubavu mbele ya kitambaa chenye mapambo, naye amevaa gauni lenye mapambo, akiwa kama amechomoza kutoka katika bustani ya nguo.

Mwalimu aanze na "pazia la nyuma". Keïta hakutumia ukuta mtupu alipoweza kutumia kitambaa. Kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Kanga na kitenge vipo katika kila nyumba. Lakini wanafunzi wataona upesi kwamba katika picha isiyo na rangi, nyekundu na kijani zinaweza kutoka kwa kijivu kimoja, na kanga waliyoichagua kwa uzuri wake ikapotea. Hilo ni somo kubwa: wajifunze kuuliza kitambaa kitakuwa ngazi gani ya kijivu, na mapambo yake yana mwachano kiasi gani na uso.

Pili ni mwanga. Uani, penye kivuli cha ukuta au cha mwembe, mwanga huja kutoka upande mmoja wa mbingu na kuuzunguka uso taratibu. Tuseme "mwanga wa kuzunguka", na ule wa jua kali la saa sita tuuite "mwanga wa kukata", maana huukata uso vipande viwili. Tatu ni mkao: bega moja mbele, kichwa kimeinama kidogo, mikono ionekane. Katika picha ya Keïta ya mwaka 1959 inayojulikana sana, kijana aliyevaa koti jeupe na miwani mikubwa ameshika ua moja mkononi. Ua lile na vidole vile vinasema juu yake kama uso unavyosema. Na koti lake, kama ile kanzu ya mzee wetu, lilikuwa mtego kwa kila anayepima kwa haraka.

Nne ni kipimo. Mwanafunzi akisogeze kipimamwanga karibu na uso, kisha aamue. Chombo kitataka kuupandisha uso mweusi hadi ngazi ya tano. Mwanafunzi aweza kukubali, au aweza kupunguza mwanga kwa "hatua" moja, yaani nusu yake, ili uso ushuke hadi ngazi ya nne na kubaki na uzito wake. Asikubaliane na chombo kwa uvivu, wala asibishane nacho kwa mazoea. Tano, apige mara moja, kama Keïta, ingawa simu ya mkononi humruhusu kupiga mara mia. Mwisho, anapotoa nakala, au anapoiondoa rangi picha ya simu kwa kugusa kioo, aandike chini yake ni mwachano gani ameuchagua na kwa nini. Kazi za wanafunzi zikitundikwa pamoja na maandishi hayo, darasa litaona kwamba hakuna kijivu kilichojileta chenyewe.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba jitihada hizi ni za bure, kwa kuwa mafundi wanaelewana kwa maneno ya Kiingereza na yatosha kuyatohoa yote. Hoja hii tunaiheshimu, na kwa vyombo tumeifuata. Kamera ni kamera, lenzi ni lenzi, negativu tunaiacha ikae pamoja na hasi. Lakini jina lililotoholewa huja likiwa limefungwa. Mwanafunzi hulipokea bila kuona kilichomo. Katika maneno yanayotaja uamuzi wa mtu, kufungwa huko ndiko kunakotupatia hasara.

Wengine wanasema tuanze na jina lenyewe la "picha nyeusi na nyeupe", tulifute, kwa kuwa ni tafsiri ya neno kwa neno na linasema uongo. Hapa tunatofautiana nao. Neno hili limeenea; watu wanalielewa; kulifuta ni kuwasumbua bila faida. Linaweza kubaki katika mazungumzo na magazeti. Katika vitabu vya kufundishia tunapendekeza "picha isiyo na rangi", pamoja na maelezo kwamba imejengwa kwa ngazi za kijivu, na kwamba weusi kamili na weupe kamili ni ncha zake mbili tu, ambazo picha nyingi nzuri za sura huzigusa kidogo sana.

Istilahi zilizotajwa humu ni mapendekezo, nazo bado hazijasanifishwa. Tunawaomba walimu wazijaribu darasani, na watafsiri wazijaribu katika vitabu walivyonavyo mezani, kisha watuandikie. Zaidi ya yote tungependa kusikia kutoka kwa wazee waliofanya kazi katika studio na vyumba vya giza vya Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na kwingineko. Katika vyumba vile paliwahi kuwapo maneno ya mwachano, ya ngazi za kijivu na ya uso uliozama, ambayo mafundi waliambiana wakiwa wameinamia beseni la dawa. Neno lolote la namna hiyo litakalotufikia litatangulizwa mbele ya haya tuliyoyaunda sisi.